Maradhi ya Njia ya Mkojo ya Mbwa Dume

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja, nalo ni maradhi ya njia ya mkojo ya mbwa dume. Lakini wazee walisema, Mficha uchi hazai. Mbwa hana ulimi wa kujieleza. Bwana wake akiona haya, mnyama ataumwa kimya, na pengine atakufa kwa ugonjwa ambao ungeweza kuponywa. Naye ndiye alindaye nyumba zetu usiku, na mahindi yetu wakati nyani washukapo.

Kwanza na tuijue njia yenyewe. Mkojo hutengenezwa na mafigo, hushuka mpaka kibofu, kisha hutoka kwa mrija mmoja upitao katika dhakari. Karibu na shingo ya kibofu pana tezi iuzungukayo mrija huo kama pete izungukavyo kidole. Hiyo ndiyo tezi dume, na kazi yake ni kutoa maji yachanganyikayo na mbegu za uzazi. Juu yake hupita utumbo wa mwisho, ule utoao choo. Tena, ndani ya dhakari ya mbwa mna mfupa wenye mfereji, na mrija wa mkojo hupita katika mfereji huo. Mfupa hautanuki, kwa hiyo hapo njia ni nyembamba. Tuyakumbuke mambo haya mawili, tezi na mfupa, maana shida nyingi hutokea hapo.

Mbwa dume asiyehasiwa akizeeka, tezi yake hukua. Katika kila mbwa 100 wa namna hiyo waliopita miaka 5, zaidi ya 80 huwa tezi yao imeanza kukua, ingawa wengi hawaonyeshi dalili yo yote. Sababu yake ni kichocheo kitokacho katika korodani. Kwa mwanamume mzee tezi ikikua huubana mrija, akakojoa kwa shida. Lakini kwa mbwa hukua zaidi kuelekea nje, ikaubana utumbo. Ndiyo sababu dalili ya kwanza mara nyingi si ya mkojo bali ya choo: mbwa hujikamua kwa muda mrefu, na choo hutoka chembamba kama utepe. Wengine hudondosha matone ya damu hata wasipokojoa.

Dawa iliyo bora ni kumhasi. Korodani zikitolewa, tezi husinyaa katika majuma machache. Jambo hili lilichunguzwa sana na Charles Huggins, mganga wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, ambaye aliitazama tezi hii katika mbwa. Mwaka 1941 yeye na wenzake walieleza jinsi njia hiyo hiyo ilivyowasaidia wanaume wenye saratani ya tezi dume, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Basi mbwa amewafaa wanadamu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Lakini tusidanganyike: kwa mbwa mwenyewe, kuhasiwa hakuzuii saratani ya tezi hiyo. Saratani hutokea mara chache, nayo huwapata hata waliohasiwa.

Tezi iliyokua huweza kuingiwa na vijidudu, ikafanya usaha. Hapo mbwa hushikwa na homa, hukataa chakula, na hutembea kwa kukakamaa kwa sababu ya maumivu. Dawa ya kuua vijidudu hutolewa kwa majuma kadhaa, wala haifai kuikatiza kwa kuwa mgonjwa ameanza kuchangamka.

Sasa tuseme juu ya vijiwe. Chumvi za mkojo huweza kugandamana kibofuni zikawa vijiwe. Mbwa wa aina ya Dalmatian hupatwa sana na vijiwe vya namna moja kwa sababu ya urithi wa damu yao, lakini mbwa wa aina yo yote aweza kupatwa na vijiwe. Kijiwe kikishuka, hukwama nyuma ya ule mfupa tuliotaja. Tulipata kumwona mbwa mlinzi aliyeinua mguu katika kila kijiti tangu alfajiri. Mwenyewe alidhani anatia alama tu, kama ilivyo desturi ya madume. Kumbe halikutoka hata tone. Siku ya pili mbwa alitapika, na siku ya tatu hakuamka. Mkojo ukizibwa kabisa, sumu yake hubaki katika damu, na kibofu chaweza kupasuka. Kwa hiyo mbwa ajikamuaye bila kukojoa apelekwe kwa mganga wa wanyama siku ile ile. Msimminye tumbo, wala msimpe dawa za watu za kutuliza maumivu, maana nyingine humdhuru.

Si kila wekundu ni wa tezi au wa vijiwe. Damu idondokayo pamoja na uvimbe ulio kama nyama mbichi dhakarini huweza kuwa ni uvimbe uambukizwao kwa kupandana. Huo hupona kwa sindano za mganga. Mkojo wenye rangi ya kahawa, pamoja na homa na ufizi mweupe, mara nyingi ni ugonjwa uletwao na kupe.

Basi tufanye nini? Tumpe mbwa maji safi kila siku. Tumfungue apate kukojoa, asizuiwe mchana kutwa. Tumtazame anapokwenda haja, kama tumtazamavyo ng'ombe anapokamuliwa. Na tukigusa mkojo wake tunawe kwa sabuni, maana baadhi ya maradhi ya mkojo wa mbwa huwapata watu pia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumtazama mbwa kitambo kidogo asubuhi hakuna gharama, na huenda kukamwokoa mlinzi wetu.