Mwanao anataka kusomea uigizaji? Kaeni mpige hesabu ya mkopo

Kijana akisema anataka kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sanaa za maonyesho, wazazi wengi huuliza ataajiriwa wapi. Swali linalosahaulika ni hili: mkopo ataulipaje?

Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo irekebishwe mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwenye Sh600,000 anakatwa Sh90,000. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, lakini isipungue Sh100,000 kwa mwezi.

Hapo ndipo mwigizaji anapobanwa. Yeye hulipwa kwa kazi: tamthilia ikirekodiwa anapata, ikisimama anakaa. Bodi inamdai Sh1.2 milioni kwa mwaka, hata kama kazi ilipatikana miezi minne tu. Mwenye mshahara mdogo lakini wa uhakika analipa pungufu yake!

Nafuu ipo. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, hivyo deni halivimbi tena kama zamani.

Kumgombeza mtoto hakusaidii. Muulize kama atajifunza pia kuhariri video na kurekodi sauti, kazi ambazo hata kampuni na asasi hulipia. Anayetaka kujipima kwanza, TaSUBa ya Bagamoyo hutoa astashahada na stashahada za sanaa. Na siku malipo ya tamthilia yakiingia, fungu la Bodi litengwe kabla ya simu mpya.