Dozi ya insulini ikishuka, mutoto hajapona

Wazazi wengi wenye mutoto wa sukari wamepita njia moja. Mutoto anaanza kukonda. Anakunywa mayi kama mutu anayetoka chini ya mine, anakojoa usiku mzima, na hata yule aliyekuwa ameacha kulowanisha kitanda anaanza tena. Wanamupima malaria, wanamupima tifoidi, majirani wanasema ni sumu. Siku moja anapumua kwa nguvu, kinywa kinanuka kama matunda yaliyooza, anakuwa wa kulala tu. Ku lopitali munganga anachoma kidole, anatia tone la damu kwenye kifaa, sukari imepita kipimo. Wanaanza insulini, na mutoto anarudi kuwa mutoto.

Kisha juma chache ao miezi miwili, jambo lingine linafika ambalo hakuna aliyelingojea. Dozi ile ile iliyomuokoa inakuwa nyingi kwake. Anatetemeka, anatoka jasho, sukari inashuka mno. Munganga anapunguza dozi, kisha anapunguza tena. Na pale ndipo neno linatoka ndani ya nyumba: "Mutoto amepona."

Hajapona. Sisi wa sendika tunaandika juu ya neno hilo leo kwa sababu linatuletea watoto ku urgence. Kazi yetu ni mishahara, kofia, vumbi na saa za nyongeza, lakini wafanyakazi wanatuletea pia karatasi za lopitali, na kosa hili tumeliona zaidi ya mara moja. Mama mumoja, bwana yake ni wa kazi ku mashimo, alituelezea hivi: "Banatuambia dozi imeshuka, shiye tukasema Mungu amejibu. Tukaacha sindano. Siku mbili, tatu, mutoto iko anacheza muzuri. Siku ya tano hakuamuka." Kwa neema aliamukia ku lopitali. Si wote wanaamuka.

Pampu ya kukodi

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinachoitwa kongosho, Wafaransa wanasema pankreasi. Ndicho kinachotengeneza insulini, na insulini ndiyo inafungua mulango kusudi sukari ya bukari, ya mukate na ya muchele iingie ndani ya mwili na kuwa nguvu. Katika ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, ule unaoshika watoto zaidi, askari wa mwili wenyewe wanageuka na kushambulia sehemu inayotengeneza insulini. Haitoki kwa kula bonbon nyingi, haitoki kwa laana ya ukoo, na si kosa la mama.

Siku ugonjwa unapojulikana, sehemu kubwa imekwisha kuharibika, lakini si yote. Kile kilichobaki kimechoka, kimezama ndani ya sukari. Wachimbaji wataelewa upesi. Fikiri mine yenye pampu kumi, pampu saba zimekufa, tatu zinazunguka katika joto mpaka karibu kuungua, na mayi inazidi kupanda. Unaleta pampu ya kukodi. Mayi inashuka, zile tatu zinapoa, zinaanza tena kufanya kazi vizuri, hata unapunguza nguvu ya ile ya kukodi. Je, utaiondoa? Hakuna chef wa mine atakayefanya vile. Watu wa Kipushi wanajua zaidi. Katika mwaka 1993 mine yao ilisimama kutosha mawe, lakini pampu zilipaswa kuendelea. Zilipolemewa, katika 2011, mayi ikapanda ikafunika mashimo.

Insulini ya sindano ndiyo pampu ya kukodi. Na zile tatu zinaendelea kushambuliwa polepole. Siku moja zitasimama nazo.

Wanganga wanaita wakati huo "lune de miel", mwezi wa asali. Jina ni tamu, na linawadanganya wengi. Hauko mwezi mumoja. Kwa wengine unadumu juma chache, kwa wengi ni miezi, kwa wachache unapita mwaka. Kwa wengine haufiki kabisa, zaidi watoto wadogo sana na wale waliofika lopitali wakiwa wamezimia. Kama wa jirani alishushiwa dozi na wako hapana, si alama ya kwamba munganga wako hajui kazi.

Hesabu yenyewe

Insulini inahesabiwa kwa yuniti, kufuatana na kilo za mutoto na kwa siku nzima. Tuchukue mutoto wa kilo 25. Mwanzoni anaweza kuhitaji karibu yuniti 20 kwa siku. Katika mwezi wa asali dozi inashuka chini ya nusu yuniti kwa kila kilo, maana yake chini ya 12 na nusu, na wengine wanafika 5 tu. Wakati huo ukiisha, inapanda tena kati ya 17 na 25. Akifika miaka 13 ao 14, sauti inabadilika, matiti yanatoka, kilo ni 45, homoni za ukubwa zinapigana na insulini: anaweza kuhitaji 45 mpaka 65 kwa siku, hata zaidi.

Hizi si dozi za kujipatia nyumbani. Dozi inatoka kwa munganga, akitazama vipimo vya sukari mulivyoandika ndani ya kaye. Tunaziweka hapa kusudi muzazi aone mwendo wote: inaanza juu, inashuka, inapanda, inapanda zaidi. Yule anayejua mwendo hatashangilia bure ikishuka, na hatalia ikipanda. Maana ikipanda, nayo inaleta maneno: "Insulini imemuzoea", "amekula kwa siri", "kuna mutu anamuroga". Hapana. Mutoto anakomaa tu, na kongosho inamaliza safari yake.

Kuna kupanda kwingine kwa siku chache tu. Malaria, homa, kidonda chenye usaha: mwili ukipigana, sukari inapanda hata kama mutoto hakula. Wazazi wengi wanasema hakula, basi hakuna sindano. Ni kinyume. Siku ya ugonjwa insulini haiachwi kamwe, kipimo kinafanywa mara nyingi zaidi, na munganga anaulizwa juu ya dozi. Akitapika, akipumua kwa nguvu ao tumbo likimuuma sana, hakuna kungojea asubui.

Wakati dozi inashuka, hatari ya upande mwingine ni sukari kuwa chini, maana yake chini ya 70 kwenye kifaa. Alama zake ni kutetemeka, jasho, njaa ya gafula, hasira isiyo na sababu, macho kutazama ovyo. Mupe upesi vijiko vidogo 2 ao 3 vya sukari ndani ya mayi, ao soda yenye sukari ya kweli. Pima tena kisha dakika 15, halafu mupe kitu cha kula. Kama amezimia, usimutie kitu ndani ya kinywa, kimbia naye lopitali. Na likirudi mara kwa mara, mujulishe munganga: ndiye atakayepunguza. Kupunguza ni kazi yake, kuacha si kazi ya mutu yeyote.

Hatuko kinyume na maombi. Ombeni, na sisi tunaomba. Lakini muchungaji anayesema "acha sindano kusudi imani ionekane" anacheza na roho ya mutoto asiyekuwa wake. Na mizizi ya sokoni, hata ile inayosaidia babu mwenye sukari ya watu wakubwa, haiwezi kuchukua nafasi ya insulini kwa mutoto huyu.

Kabla ya insulini, mutoto kama huyu alikufa, mara nyingi ndani ya miezi michache. Mutoto wa kwanza kupewa alikuwa Leonard Thompson, miaka 14, kule Toronto katika Canada, mwezi wa kwanza wa 1922. Tangu siku ile, mahali dawa inafika kila siku, watoto wanakomaa, wanaoa, wanaolewa, wanafanya kazi. Mahali inakatika, tunarudi kabla ya 1922.

Chupa moja kwa mwezi, hata kama dozi ni ndogo

Hapa ndipo kazi ya sendika inaingia. Chupa ya mililita 10 yenye alama ya 100 iko na yuniti 1000. Mutoto anayepata 8 kwa siku, ukihesabu kwa kalamu tu, chupa inamutosha miezi mine. Tumeona farmasi ya kampuni moja ikihesabu hivyo: "Dozi yake imeshuka, basi tutatoa chupa moja kila miezi mitatu." Hesabu hiyo ni ya magazini ya misumari. Chupa ikifunguliwa inatumika karibu mwezi mumoja, aina fulani juma sita, soma karatasi iliyo ndani ya kisanduku. Kupita hapo dawa inapoteza nguvu, sukari inapanda, na wote wanaanza kumukamata mama. Katika ile kesi, munganga aliandika barua ya mistari mitatu, delege wawili wakaingia nayo ndani ya biro, na chupa zikarudi moja kwa mwezi kwa kila aina ya insulini. Mara nyingi ziko aina mbili, ya haraka na ya polepole, na kila moja iko na chupa yake.

Na dozi ikipanda, hesabu inageuka. Kijana wa yuniti 60 kwa siku anamaliza yuniti 1000 kwa siku 16. Karatasi ya farmasi ya mwaka uliopita haimufai tena. Ibadilishwe kila mara munganga anapobadilisha dozi.

Chupa isiyofunguliwa inakaa ndani ya frigo, kati ya digri 2 na 8, lakini isigande, iliyoganda inatupwa. Pale courant inakatika kila siku, ao frigo hakuna, tumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati muchanga wenye mayi, mahali pa kivuli. Inasaidia sana katika joto la mwezi wa kumi. Usiiache kamwe karibu na mbabula wala chini ya malata. Tena, angalia seringe. Kama chupa ni ya 100, seringe iandikwe 100. Ukivuta kwa seringe ya 40 dawa ya chupa ya 100, mutoto anapata mara mbili na nusu ya dozi yake. Inaweza kumuua usiku mumoja.

Mukataba ukiisha

Sheria ya kazi ya Congo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamulazimisha mwenye kuajiri kutunza mufanyakazi na familia yake wakigonjwa: munganga, dawa, kulala lopitali. Lakini inasema mpaka mwisho wa mukataba. Kwa wale wa sous-traitance wenye mikataba ya miezi mitatu ao sita, maneno hayo manne ni mazito. Mukataba wa baba unaisha, sukari ya mutoto haiishi.

Basi tunawaomba mambo haya. Mutoto aandikwe kwenye karatasi ya familia siku ya kwanza ya kazi. Munganga aandike jina la ugonjwa, aina za insulini, dozi, vipande vya kupimia na seringe, na kopi moja ikae kwa delege. Miezi miwili kabla ya mwisho wa mukataba, muje kutuona, hata kama chef amesema ataurudisha. Na mutoto awe na kaye yake ku lopitali nyingine nje ya kampuni. Ulizeni ku Sendwe ao ku Cliniques Universitaires wapi anaweza kufuatwa.

Wachimbaji wa mikono hawana mwenye kuajiri, na watoto wao wanagonjwa vilevile. Tangu 2009 kuna programu inayoitwa Changing Diabetes in Children, inayosaidia watoto wenye sukari kupata insulini bila kulipa, na Congo yetu ilikuwa kati ya inchi za kwanza. Jina hilo liandikeni, mulitaje mbele ya munganga, muulize kama nafasi iko.

Sisi tutaendelea kudai ndani ya mazungumuzo kwamba dawa ya mutoto mwenye sukari isikatwe siku ileile mukataba unapokatwa. Miezi michache ya kupumua inaweza kuokoa mutu. Lakini hakuna convention collective itakayosaidia mutoto ambaye sindano yake iliachwa nyumbani kwa furaha. Dozi ikishuka, mushukuru munganga, mumushukuru na Mungu, na asubui inayofuata mumuchome sindano yake.