Damu Haipimwi kwa Macho

Safari hii tuongee habari ya uzazi. Najua kuna watakaoruka ukurasa wakisema hayo ni mambo ya akina mama. Subirini kwanza. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 peke yake wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu ya mimba au kujifungua, na wengi wao walikuwa Afrika kusini ya Sahara. Hao ni dada zetu na shemeji zetu. Muuaji anayeongoza ni kutokwa na damu, hasa baada ya mtoto kuzaliwa.

Je, mwanafunzi wa udaktari anafundishwaje kupambana naye? Darasani anakariri sababu nne: mji wa mimba uliolegea, kuchanika, kondo lililobaki ndani, na damu isiyoganda. Mtihani anafaulu vizuri tu. Kazi inakuja wodini. Damu inanywewa na kanga, inaingia kwenye godoro, nyingine inamwagika chini. Ukikisia kwa macho, mara nyingi unaona kidogo kuliko ilivyo. Ukija kushtuka, mzazi ameshaanza kupoa.

Ndiyo maana mafunzo ya siku hizi yanaanza na kupima. Mzazi anawekewa chini karatasi ya plastiki yenye mfuko ulioandikwa vipimo, damu inaingia humo na kila mtu anaisoma. Kisha mambo yanafanywa kwa pamoja, si moja moja kwa kusubiriana: kukanda mji wa mimba, kutoa oksitosini, asidi ya traneksamiki na dripu, kumkagua mzazi, na kuita msaada. Utaratibu huu ulijaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yakatangazwa mwaka 2023. Matatizo makubwa, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu hiyo, au kufa kwayo, yalipungua kwa asilimia 60. Kumbe dawa zenyewe zilikuwa zinajulikana siku zote! Kilichokosekana ni kugundua mapema na kufanya haraka.

Sasa haraka hiyo haifundishwi kwa hotuba, mikono lazima izoezwe. Kuna kifaa kinachoitwa MamaNatalie, ambacho mwalimu anajifunga tumboni. Ndani mna damu ya bandia na mji wa mimba anaoweza kuulegeza au kuukaza. Mwanafunzi anapapasa, anakanda, huku akizungumza na "mzazi" na kumtuliza. Zoezi hufanywa pamoja na wakunga, kwa sababu usiku wa manane mkunga ndiye atakayekuwepo.

Kwetu sisi tunaosoma ughaibuni kuna la ziada. Huku friji ya dawa haizimiki, na benki ya damu iko karibu. Nyumbani umeme ukikatika, oksitosini inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 inaweza kupoteza nguvu. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kwenda kufanya mazoezi nyumbani, usikimbilie chumba cha upasuaji tu. Omba zamu leba, kaa na mkunga mzoefu, uliza dawa inahifadhiwa wapi na damu inatoka wapi. Digrii tutapata, inshallah. Ila mzazi anayetokwa damu hatatuuliza tumesoma chuo gani.