Mtoto Akikwama Safarini Ulaya

Mama mpendwa, kijana wako anayesoma Ulaya akiamua kuzunguka likizo kwa treni, begi mgongoni, mwombee, kisha mweleze haki zake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, treni ikitazamiwa kuchelewa dakika 60 au zaidi, anaweza kudai nauli yake au kupelekwa kwa njia nyingine. Akilazimika kulala njiani, kampuni ya reli humpatia malazi inapowezekana. Kama anatumia insulini (hapa nasema kama muuguzi), aishike mkononi, isikae begini.

Akikwama Ujerumani, aulizie Bahnhofsmission. Wakristo waliianzisha huduma hiyo Berlin mwaka 1894, kuwalinda wasichana waliokuja mjini kutafuta kazi. Leo ipo katika vituo vya treni zaidi ya 100. Msaada ni bure, na dini haiulizwi.