Zeituni za Kukaanga: Kila Kitu Kinategemea Maji

Umewahi kutoa kitu kwenye maji, ukakitia moja kwa moja kwenye mafuta ya moto? Kama umewahi, huenda mkono wako bado una alama. Sasa fikiria zeituni, tunda lililokaa miezi ndani ya maji ya chumvi. Unaikaangaje bila kuungua? Jibu lake linakufaa hata siku unayokaanga samaki au viazi.

Mabingwa wa kitafunwa hiki ni watu wa Ascoli Piceno, mji ulio katika mkoa wa Marche, Italia. Huko huchukua zeituni kubwa za kijani, wakazizungushia kisu kama mtu anayemenya chungwa mpaka kokwa itoke. Mahali pa kokwa hujaza nyama iliyopikwa na kusagwa, ikachanganywa na jibini, yai na kungumanga. Kisha huviringisha kwenye unga, yai na chenga za mkate, wakakaanga. Tangu mwaka 2005 jina la zeituni hizo linalindwa kisheria katika Umoja wa Ulaya. Nyumbani, zeituni za chupa zilizokwisha kutolewa kokwa zinatosha kabisa, na ukiwa na nyama ya kusaga iliyobaki kwenye katlesi, umeshamaliza nusu ya kazi.

Lakini kwa nini zimelowekwa? Kwa sababu zeituni mbichi hailiki. Ina kemikali chungu iitwayo oleuropini, na kuloweka ndiko kunakoiondoa. Ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi pia bakteria wa asidi laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi, na ndio wanaoleta ule ukali kidogo. Kwa hiyo zeituni inakufikia ikiwa imejaa chumvi (usiongeze nyingine kwenye nyama) na imejaa maji.

Hapo ndipo penye hatari. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 za Selsiasi, ilhali mafuta ya kukaangia huwa kwenye 175 hivi. Tone la maji ni zito kuliko mafuta, basi huzama. Likiwa chini linageuka mvuke ghafla na kutanuka zaidi ya mara 1,500. Mvuke huo unatafuta njia ya kutoka, na mafuta yaliyo juu yake ndiyo yanayokurukia usoni.

Cha ajabu, maji hayohayo ni rafiki yako. Yale mapovu unayoyaona si mafuta yanayochemka, ni mvuke unaotoka ndani ya chakula. Maadamu unasukuma kwenda nje, mafuta yanapata shida kuingia. Mafuta mengi huingia baadaye, ukishaipua: mvuke unapoa, unarudi kuwa maji, na ganda linayafyonza mafuta yaliyobaki juu yake. Ndiyo maana unatakiwa kuchuja mara moja, siyo kuziacha zilale kwenye kijiko.

Haya, twende jikoni:

1. Suuza zeituni, zichuje, kisha zifute moja moja kwa kitambaa kikavu, hata ndani ya tundu. Usiruke hatua hii.
2. Jaza nyama, viringisha kwenye unga wa ngano. Unga hunyonya unyevu uliobaki na kulipa yai mahali pa kushika.
3. Chovya kwenye yai lililopigwa. Protini zake zikipata joto zinaganda na kuwa gundi.
4. Viringisha kwenye chenga kavu za mkate. Hizi ndizo zitakazopata rangi ya kahawia na harufu tamu, kwa mmenyuko alioueleza mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912.
5. Tia mafuta yasizidi nusu ya sufuria. Dondosha chenga moja: ikitoa mapovu papo hapo, mafuta yako tayari.
6. Kaanga sita au saba kwa wakati mmoja, dakika mbili hadi tatu. Ukijaza sufuria, mafuta yatapoa, ganda litachelewa kukauka na zeituni zitalowa mafuta.

Sikiliza pia kwa masikio. Mlio ukianza kufifia, maji ya kwenye ganda yanakwisha. Ipua.

Na mafuta yakishika moto? Usimwage maji, hata kidogo! Umeshaona tone moja linafanya nini; kikombe kizima kitarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Zima jiko kama unalifikia bila kuungua, funika sufuria kwa mfuniko wake, uiache hapohapo hadi ipoe kabisa. Basi weka mfuniko karibu kabla hujawasha jiko.

Zikiiva, subiri dakika chache kabla ya kula. Ganda litakuwa limepoa, lakini nyama ya ndani bado inaunguza ulimi.