Tunduma: mji wa reli unaoishi kwa malori

Kuna jamaa yetu hapa Jang'ombe kenda Tunduma kufuata mchele wa Mbeya. Juzi kapiga simu: "Nimevuka barabara tu, saa imerudi nyuma saa nzima!" Barazani watu wakacheka, wakadhani safari imemzidi. Ngojeni niwape shule kidogo, maana jamaa hakusema uongo.

Tunduma iko mkoa wa Songwe, mpakani na Zambia. Ng'ambo kuna mji wa Nakonde, na saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Miji yenyewe imegusana. Huku shilingi, kule kwacha, na Wanyamwanga wako pande zote mbili, ndugu kwa ndugu.

Mstari huo kauchora nani? Hapa Wazanzibari tusikilize vizuri. Ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule ule uliotutia sisi chini ya Uingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Karatasi hiyo hiyo ikagawa na nchi iliyo baina ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Mnyamwanga hakuulizwa, kama mtu wa Ng'ambo hakuulizwa.

Reli ilikuja baadaye sana. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikipita kusini, ikabanwa. Nyerere na Kaunda walitafuta njia ya Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilishasema reli hiyo hailipi. Wachina wakakubali, mkataba ukasainiwa Beijing 1967, kazi ikaanza 1970, na 1973 mataruma yakafika Tunduma. Mwaka 1976 wakakabidhi TAZARA nzima, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi.

Sasa hapo ndipo penye utamu. Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, haijawahi kufika. Injini zilikuwa mbovu, na ubaguzi ulipokwisha Afrika Kusini njia za kusini zikafunguka tena. Mizigo ikahamia barabarani. Kwa hivyo ukifika Tunduma leo kinachokupokea ni malori ya Zambia na Kongo, wabadilisha fedha, mama ntilie na vijana wa umri wetu wanaobangaiza kwa madereva waliokwama. Mwaka 2019 Magufuli na Lungu walifungua kituo cha pamoja ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili, lakini hata baada ya hapo foleni za kilomita kadhaa zimeripotiwa. Dereva analala njiani, bosi analia, muuza chipsi anashukuru Mungu. Mji wenyewe ndo ulivyo.

Na jamaa yetu je? Stesheni anaiona, reli ipo. Mchele kaupakia kwenye lori.