Je, Wajua? Wayahudi Wangapi Hubadilisha Balbu Moja?

Je, wajua kwamba utani wa vijiweni uliwahi kugeuzwa kampeni ya mazingira? Wamarekani wana swali lao la zamani la kuchekana: watu wa kabila fulani, au wa kazi fulani, wanahitajika wangapi kubadilisha balbu moja? Mwaka 2006 COEJL, muungano wa Wayahudi wa Marekani wa kutetea mazingira ulioanzishwa 1993, ulijitania wenyewe kwa swali hilo na kulifanya jina la kampeni. Waumini waliombwa wang'oe balbu za kizamani majumbani na kwenye masinagogi, wafunge za kubana umeme. Wakati uliochaguliwa ulikuwa Hanuka.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wameshakutana na Hanuka katika Yohana 10:22, kwa jina la Sikukuu ya Kutabaruku. Inakumbuka mwaka 164 kabla ya Kristo, wapiganaji wa Kiyahudi walioitwa Wamakabayo walipolitakasa upya Hekalu la Yerusalemu baada ya kuwafukuza askari wa mfalme Antioko wa Nne. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba kichupa cha mafuta ya siku 1 kiliwaka siku 8. Mafuta haba, mwanga wa wiki nzima: muuza balbu gani asingependa hadithi kama hiyo?

Je, wajua kwamba boksi la kawaida la mishumaa ya Hanuka lina mishumaa 44? Usiku wa kwanza huwashwa 1, wa pili 2, hadi 8, na kila usiku huongezwa mmoja wa kuwashia wenzake, uitwao shamashi. Wanafunzi wa Shamai, mwalimu wa kale wa sheria, walitaka mambo yaende kinyume: uanze na 8, umalizie na 1. Wanafunzi wa Hileli, mpinzani wake, wakashinda hoja, na mpaka leo mishumaa hupanda.

Kwa nini shamashi? Kwa sababu mwanga wa Hanuka ni wa kutazamwa tu. Husomei kitabu, na Talmudi inakataza hata kuhesabia fedha mbele yake. Kwa hiyo mishumaa inapowaka, balbu ya sebuleni nayo inawaka. Ongeza kwamba sikukuu huangukia Novemba au Desemba, usiku ukiwa mrefu kabisa kaskazini mwa dunia, utaona kwa nini kampeni haikuwekwa Juni.

Marufuku ya kupoteza mali bure haikuletwa na wanamazingira wa karne hii. Kumbukumbu la Torati 20:19 inawakataza askari kukata miti ya matunda wanapouzingira mji, na marabi walilipanua katazo hilo likagusa kila aina ya ufujaji. Katika Talmudi, Rabi Zutra anasema anayefunika taa ya mafuta, au anayeifunua taa ya nafta, amelivunja. Sababu? Taa ikitumiwa hivyo hula mafuta kuliko inavyohitaji. Huyo alikuwa akifundisha matumizi bora ya nishati karne nyingi kabla ya balbu kuzaliwa.

Sasa tufike penye uzito wenyewe: Sabato. Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto siku hiyo, na Wayahudi wanaoshika sheria kikamilifu hawagusi swichi, si ya kuwasha wala ya kuzima. Taa ya ukumbini iliyowashwa Ijumaa jioni, kama haikufungiwa saa ya kuizima yenyewe, huwaka hadi Jumamosi usiku, saa 25 hivi. Wengine hununua taa ya mezani yenye kifuniko cha kuzungusha: ukitaka kulala unaugeuza mwanga ukafichika, lakini balbu ndani inaendelea kuwaka.

Piga hesabu. Balbu ya waya ya wati 60 kwa saa 25 inakula uniti 1.5. Ile ya kubana umeme, ya msokoto, yenye mwanga huohuo, wati 13, inakula takriban theluthi moja ya uniti. LED ya wati 9 haifiki hata robo. Hiyo ni balbu moja, Sabato moja, na mwaka una Sabato zaidi ya 50.

Je, wajua kwamba mwaka 2007 huko Israeli ilizuka kampeni nyingine, iliyowaomba watu wapunguze mshumaa mmoja wa Hanuka? Hoja yao ilikuwa kwamba mshumaa mmoja ukiungua wote hutoa gramu 15 za kaboni dioksidi. Watu wa dini walikasirika, na kwa maoni ya safu hii walikuwa na haki. Hata mishumaa yote 44, kwa hesabu ya wanakampeni wenyewe, haifiki gramu 700. Wakati ule umeme wa Israeli ulitegemea zaidi makaa ya mawe, ambayo hutoa karibu kilo 1 kwa kila uniti. Balbu ile moja ya Sabato ikibadilishwa, inaokoa zaidi ya mishumaa ya sikukuu nzima. Ukiona mtu anamnyang'anya mwenzake ibada na kuiacha swichi yake, mwulize hesabu.

Balbu mpya zilileta pia mjadala wa sheria. Marabi wengi huuhesabu waya unaong'aa ndani ya balbu ya zamani kuwa moto kamili, na wako waliokubali balbu hiyo itumike kwa baraka ya moto ya kufunga Sabato. LED haina waya wa kuungua, kwa hiyo ruhusa hiyo haiihusu. Na menora, kinara cha Hanuka, ya umeme? Wengi wanaikubali kama pambo, lakini mwenye kutaka kusoma baraka huambiwa atafute utambi na mafuta.

Balbu ya msokoto yenyewe ilibuniwa mwaka 1976 na Edward Hammer, mhandisi wa General Electric. Kampuni iliona mashine za kuitengeneza ni ghali, ikaiweka kabatini. Wengine wakaitajirikia.

Hanuka husherehekewa pia Uganda, kwenye vilima vya Mbale karibu na Mlima Elgon. Hapo wanaishi Abayudaya, waliofuata dini ya Kiyahudi tangu 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu. Idi Amin aliwapiga marufuku, nao wakasali kwa siri mpaka alipong'olewa 1979. Sadfa nzuri: miaka ileile ya kampeni ya Marekani, maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka na umeme ukawa wa mgao, serikali ya Uganda iligawa takriban balbu 800,000 za kubana umeme. Huko hakukuhitajika mahubiri. Giza lilitosha.

Je, wajua kwamba balbu iliyosifiwa 2006 leo inafukuzwa? Ndani yake mna zebaki, miligramu chache tu, lakini ni sumu. Pendekezo la kuiondoa lilitoka Afrika, na Machi 2022 huko Bali nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba balbu za msokoto za hadi wati 30 zikome kutengenezwa, kuingizwa na kuuzwa nje ifikapo 2025. LED imechukua nafasi, nayo inadaiwa shukrani na LED ya bluu iliyowapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Kama ya msokoto bado inawaka kwako, iache imalize maisha yake. Ikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani kwa dakika 10, halafu zoa vipande kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio, uvifunge kwenye chupa yenye kifuniko.